Yoshua Bin Sira, Mwalimu wa Yeruzalemu

Zamani sana, karibu miaka 180 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana Yezu Kristu, aliishi Yeruzalemu mwalimu mmoja mwenye sifa. Jina lake Yoshua, wa ukoo wa Eleazari na Sira. Watu wamezoea kumwita Bin Sira tu.

Siku zile Wayahudi hawakujitawala. Wafalme wa Kigiriki waliokaa Misri walitawala nchi yao muda wa miaka mia hivi. Kisha, karibu mwaka 200 kabla ya Kristu, wafalme wengine wa Kigiriki, wale wa Siria, wakawashinda wa Misri wakaitwaa nchi. Kuhani mkuu Simoni akaitengeneza nyumba ya Mungu, akaimarisha kuta, akachimba na birika kubwa la maji. Bin Sira anamsifu sana kuhani huyo, kama mtu aliyemwona kwa macho yake akitoka hekaluni na mavazi ya sikukuu.

Wagiriki walileta mambo mengi mageni: lugha yao, michezo yao, na vitabu vya wenye elimu wao. Vijana wengine wa Kiyahudi waliona mambo hayo mazuri, wakafikiri kwamba mafundisho ya babu zao ni ya kale tu, hayafai tena. Bin Sira hakuona hivyo. Alikuwa amesafiri, ameona nchi nyingi, hata ameponea chupuchupu mara nyingi njiani. Aliporudi akawaita vijana waje kukaa katika nyumba yake ya mafundisho. Aliyoyafundisha humo akayaandika katika kitabu, kwa lugha ya Kiebrania. Kitabu hicho kina sura 51.

Aliwafundishaje? Kwa maneno mafupi yenye pande mbili. Upande wa kwanza unasema jambo. Upande wa pili unalirudia kwa namna nyingine, au unaonyesha kinyume chake. Ni kama mtu anayetembea: mguu wa kulia, kisha mguu wa kushoto. Waebrania wa kale walipenda sana namna hii, na kitabu cha Mithali kimejaa maneno ya namna hiyo. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu vitabu vilikuwa vichache. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa kubwa. Neno lenye pande mbili linakaa kichwani hata kama mtu hana kitabu. Wazee wa vijiji vya Kongo wanajua jambo hili: mzee anasema nusu ya methali, watu wote wanajibu nusu iliyobaki.

Mwanzo wa hekima, Bin Sira anafundisha, ni kumcha Mungu. Kumcha Mungu si kutetemeka mbele yake kama mtumwa mbele ya fimbo. Ni kumheshimu na kumtegemea, kama mtoto mwema anavyomheshimu baba yake. Basi, mtu akisikia neno hilo hufikiri kwamba sura zinazofuata zitasema habari za hekalu tu, na sala na sadaka. Sivyo. Bin Sira anaingia sokoni. Anaingia jikoni. Anatazama mizani ya mfanyabiashara, sahani ya mgeni, kitanda cha mgonjwa, baba mzee aliyeanza kusahau maneno. Juu ya huyo mzee anasema kwamba mtoto awe na saburi naye, asimdharau kwa kuwa yeye mwenyewe bado ana nguvu. Hekima, kwake, huonekana huko.

Kinywa

Bin Sira anakikumbuka kinywa mara nyingi. Anasema watu waliouawa na ulimi ni wengi kuliko waliouawa na upanga. Anatoa mfano wa cheche ya moto. Mtu akiipulizia, inawaka. Akiitemea mate, inazimika. Na pumzi na mate vyote vinatoka katika kinywa kimoja. Ndivyo ilivyo na ugomvi wa jirani wawili: anayepita na kusikia ana uwezo wa kuwasha na uwezo wa kuzima.

Tazama sasa fundisho lake juu ya habari mbaya za rafiki. Mtu anakuja kwako anasema: «Fulani amefanya neno baya.» Utafanya nini? Wengi huamini mara moja, wakaacha kusema naye, na mambo yanaharibika. Bin Sira anasema: nenda kwanza kwa rafiki yako, umwulize mwenyewe. Labda hakulifanya neno lile. Na kama alilifanya, ukimwuliza hatalirudia. Tena labda hakusema yale wanayosema kwamba alisema, kwa maana masingizio ni mengi. Hii si kazi nyepesi. Ni rahisi kumsema mtu nyuma yake kuliko kumwuliza mbele ya uso wake.

Na siri je? Aliyeambiwa siri, ifie ndani yake. Bin Sira anamcheka kidogo mtu asiyeweza kunyamaza: anaumwa na lile neno tumboni kama mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Asiogope, siri haitampasua.

Deni

Sura ya 29 ni habari ya deni. Hapa Bin Sira anasema kama mtu aliyekopesha watu na kuona mengi.

Sheria ya Musa iliwaamuru Waebrania wakopeshane bila kudai faida juu ya fedha, hasa mwenye kukopa akiwa maskini. Bin Sira anaishika sheria hiyo: jirani akiwa na shida, mkopeshe. Lakini anaonyesha yanayotokea baadaye. Siku ya kukopa, mtu anakuja na sauti ya upole. Anabusu mikono ya mwenye mali. Anasifu mali yake. Siku ya kulipa inafika: haonekani. Akionekana, anasema maneno ya kuchosha, anazisingizia nyakati kuwa ni mbaya. Akilipa, analipa nusu tu, naye mwenye mali anaihesabu nusu hiyo kama kitu alichookota njiani. Tena mara nyingine hapati hata nusu; anapata matusi, na rafiki wa jana amekuwa adui bila sababu.

Ndiyo maana, anasema, watu wengi wanakataa kukopesha. Si kwa ubaya wa moyo. Wanaogopa kupoteza bure. Basi anayekopa asilipe hakumdhuru mtu mmoja tu. Amemfungia mlango maskini mwingine, ambaye atakuja kesho na shida ya kweli, naye atakataliwa.

Mtu angefikiri sasa Bin Sira atasema: «Usikopeshe tena.» Hasemi hivyo. Anawaambia wenye mali wavumilie na maskini, wasimngojeshe. Na ya kwamba ni afadhali fedha ipotee kwa ajili ya ndugu au rafiki kuliko ikae chini ya jiwe ikaoza kwa kutu. Ya mwisho ni habari ya kumdhamini mwingine, yaani kusimama mbele ya mwenye mali na kusema: «Huyu asipolipa, nitalipa mimi.» Mtu mwema humdhamini jirani yake. Walakini dhamana imewaangusha watu wengi waliokuwa na mali, ikawafukuza kwao wakatangatanga katika nchi za wageni. Kwa hiyo, msaidie jirani kwa kadiri ya nguvu zako, ujiangalie usianguke nawe. Sheria hii ina pande mbili, na mwalimu hauachi upande hata mmoja kwa ajili ya kuupendeza mwingine.

Mezani na kitandani

Juu ya kula anasema machache na yaliyo wazi. Usiwe wa kwanza kunyosha mkono. Usikisonge chakula kama mtu aliyekosa kula siku nyingi. Mfikirie aliyeketi karibu nawe kwa kujifikiria wewe mwenyewe. Uwe wa kwanza kuacha. Kijana akiwa katikati ya wakubwa, aseme maneno machache, tena akiulizwa. Mzee naye asiharibu ngoma kwa kusema maneno marefu wakati watu wanapoimba! Fundisho hili la pili watoto watalipenda.

Fundisho juu ya ugonjwa ni kubwa zaidi. Siku zile walikuwako watu waliofikiri kwamba kumwita mganga ni kukosa imani kwa Mungu. Mungu ndiye anayeponya, walisema; mganga ana kazi gani? Tena kitabu kingine cha Biblia kinamlaumu mfalme Asa wa Yuda kwa sababu katika ugonjwa wake aliwatafuta waganga, hakumtafuta Bwana.

Bin Sira, katika sura ya 38, anajibu hivi. Mganga ameumbwa na Mungu. Dawa zinatoka katika ardhi, na Mungu ndiye aliyeziweka humo. Mwenye akili hazidharau. Akili ya mganga pia ni zawadi ya Mungu. Kwa hiyo mgonjwa asali, atubu makosa yake, atoe sadaka. Kisha ampe mganga nafasi, asimwache aende, kwa kuwa anahitajiwa. Naye mganga anamwomba Mungu aione barabara hali ya mgonjwa na amponye. Bin Sira hachagui kati ya sala na dawa. Mama mwenye mtoto anayewaka homa hana lazima ya kuchagua: asali, na huku akimchukua mtoto kwa mganga, asingoje hata kesho.

Fundi na mwandishi

Katika sura hiyo hiyo kuna picha nne nzuri za kazi. Mkulima anafuata ng'ombe zake, na maneno yake yote ni ya ndama na mifereji ya shamba. Fundi wa kuchora mihuri anakesha ili picha ifanane na kitu chenyewe. Mhunzi yuko karibu na fuawe. Moto unamkausha nyama za mwili, kelele ya nyundo inajaa masikioni, macho yake hayatoki kwenye kazi. Mfinyanzi anazungusha gurudumu kwa miguu, anafinyanga udongo kwa mikono, anahesabu vyungu vyake, anakesha kusafisha tanuru.

Bin Sira alikuwa mwandishi, si fundi. Aliipenda kazi yake, naye anaisifu kuliko zote. Hapo labda anavutia upande wake kidogo. Anasema mafundi hawa hawaketi katika baraza wala hawahukumu watu. Lakini anakiri kwamba pasipo wao hakuna mji unaoweza kukaliwa na watu, na kwamba sala yao imo katika kazi ya mikono yao. Ni mwandishi gani aliyepata kula bila mkulima?

Kuna maneno mengine ya Bin Sira ambayo ni magumu. Juu ya wanawake ameandika maneno makali yasiyo ya haki, na juu ya watumwa vilevile: mahali pamoja anashauri mtumwa mbaya afungwe na kupigwa, na mara moja anageuka anaonya mtu asifanye lolote kinyume cha haki, akiwa na mtumwa mmoja amtunze kama ndugu. Alikuwa mtu wa wakati wake. Eklezia haiwafundishi watu leo kuwa na watumwa, wala kudharau wanawake.

Safari ya kitabu

Bin Sira alikuwa na mjukuu. Jina lake hakuliandika. Katika mwaka 132 kabla ya Kristu mjukuu huyo alifika Misri, akawakuta Wayahudi wengi ambao walisema Kigiriki. Kiebrania hawakukijua vema. Akaona huruma. Akakesha usiku mwingi kukigeuza kitabu cha babu yake katika lugha ya Kigiriki. Mwanzoni mwa kitabu aliandika maneno machache ya kuwaomba wasomaji wamsamehe pale aliposhindwa, kwa kuwa jambo lililosemwa kwa Kiebrania halina nguvu ile ile likisemwa kwa lugha nyingine. Kila anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine, hata mwanafunzi anayegeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, anajua taabu yake.

Kazi ya mjukuu ndiyo iliyokiokoa kitabu. Wayahudi hawakukiweka katika Biblia yao, ingawa walimu wao waliendelea kuyataja maneno yake. Polepole kile cha Kiebrania kikapotea. Wakristu wakakisoma kwa Kigiriki na kwa Kilatini, na mwaka 1546 Mtaguso wa Trento ukathibitisha kwamba kimo katika Maandiko Matakatifu.

Muda wa mamia ya miaka watu walifikiri Kiebrania chake hakitaonekana tena. Basi, mwaka 1896, wajane wawili wa Scotland, mapacha, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walinunua katika safari yao ya mashariki karatasi za kale zenye maandishi ya Kiebrania. Wakampelekea Solomon Schechter, mwalimu Myahudi wa Cambridge, huko Uingereza. Akasoma ukurasa mmoja, akatambua: ni Bin Sira! Akasafiri mpaka Kairo, penye sinagogi la kale. Wayahudi hawachomi karatasi zenye jina la Mungu; za huko zilikuwa zimetupwa katika chumba kimoja tangu mamia ya miaka. Schechter akachukua vipande karibu 193,000, na katika hivyo sehemu nyingine za Bin Sira. Mwaka 1964 wachimbaji wakiongozwa na Yigael Yadin wakapata huko Masada, ngome iliyo juu ya Bahari ya Chumvi, kipande cha kitabu kile kile kilichoandikwa kabla ya kuzaliwa kwa Kristu. Sasa karibu sehemu mbili kati ya tatu za Kiebrania chake zinajulikana.

Padri wa Cuba

Lakini yanayofuata yalitokea zamani zaidi, wakati watu wa Ulaya walipomsoma Bin Sira kwa Kilatini.

Mwaka 1514 alikuwako katika kisiwa cha Cuba padri mmoja Mhispania, Bartolomé de las Casas. Wahispania walikuwa wamekishinda kisiwa hicho. Serikali yao iliwagawa wenyeji, Wataino, kama mtu anavyogawa mifugo: Mhispania huyu alipewa kundi hili, yule kundi lile, wamlimie na kumchimbia dhahabu. Walikufa wengi kwa kazi, kwa njaa na kwa magonjwa. Padri Bartolomé naye alikuwa na kundi lake na shamba lake. Hakuwa mkatili kama wengine, lakini aliishi kwa jasho la watu wasiolipwa. Siku moja padri wa Shirika la Mtakatifu Dominiko alikataa kumwondolea dhambi kwa sababu hiyo. Bartolomé alibishana naye, akaondoka.

Sikukuu ya Pentekoste ikakaribia. Bartolomé akatafuta maneno ya kuhubiri, akafungua kitabu cha Bin Sira, sura ya 34. Humo mwalimu wa Yeruzalemu anasema juu ya mtu anayemtolea Mungu sadaka kutoka mali ya maskini: sadaka hiyo inafanana na kumchinja mtoto mbele ya macho ya baba yake. Tena anamweka mwenye kumnyima mfanyakazi mshahara wake katika hesabu moja na mwenye kumwaga damu. Neno hili lina mzizi katika Sheria ya Musa, iliyoamuru mfanyakazi maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua.

Bartolomé alisoma, akafunga kitabu, akafikiri siku kadhaa. Divai na mkate aliovitoa altareni vilitoka wapi? Alikwenda kwa gavana wa kisiwa, akamwambia kwamba anawaacha Wataino wake. Gavana akashangaa, akamshauri afikiri tena. Tarehe 15 Agosti 1514, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alitangaza neno lake kanisani mbele ya Wahispania wote, akawaonya kwamba wao pia wanakosa. Walistaajabu, wengine waliona kwamba ni kama kuwakataza wasiwatumikishe wanyama wao.

Mwaka uliofuata akavuka bahari kwenda Hispania kuwatetea wenyeji mbele ya mfalme. Aliendelea na kazi hiyo miaka hamsini. Naye alikosa jambo kubwa: katika miaka ya kwanza alishauri waletwe watumwa weusi ili Wataino wapumzike. Watumwa walitolewa Afrika, na katika miaka iliyofuata wengi sana walitolewa pwani za Kongo na Angola. Baadaye Bartolomé alijua jinsi walivyokamatwa kwa udhalimu. Akaandika katika kitabu chake kwamba utumwa wa watu weusi ni dhuluma sawasawa na ule wa Wataino, na kwamba hana hakika kama Mungu atamsamehe kwa kutojua kwake. Alifanywa askofu wa Chiapas, katika nchi ya Mexico, akafa Madrid mwaka 1566.

Maulizo

1. Kwa nini Waebrania wa kale walifundisha kwa maneno mafupi yenye pande mbili? Tafuta methali moja ya kwenu yenye pande mbili.
2. Anayekopa asilipe anamdhuru nani, zaidi ya yule aliyemkopesha?
3. Watu wengine wa siku zile waliona ubaya gani katika kumwita mganga? Bin Sira aliwajibu nini?
4. Mjukuu wa Bin Sira aliwaomba wasomaji wake jambo gani, na kwa sababu gani?
5. Padri Bartolomé alisoma nini katika sura ya 34? Eleza alichofanya baada ya kusoma.
6. Rafiki yako anasingiziwa wizi shuleni. Andika maneno utakayomwambia.